Mama Ngazi na Mifuko Myeusi

Hakuna aliyekumbuka nani alimpachika jina hilo, lakini kila mpangaji wa jengo lile alimwita Mama Ngazi, na mwenyewe aliitika. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne akiwa mtunza jengo. Ghorofa nne, nyumba kumi na mbili, na vidato sabini na viwili vya saruji alivyovipiga deki kila asubuhi kuanzia juu kushuka chini, huku akizungumza peke yake au na yeyote aliyepita. Kabla ya hapo alifua mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka tisa, mpaka mgongo ukagoma. Mume alishafariki. Aliishi chumba na sebule pale chini kando ya lango, pamoja na binti yake aliyekuwa akiuza vifaa vya simu, na mjukuu wa kike wa mwaka mmoja na nusu.

Alikuwa mchapakazi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau, na alikuwa na mdomo. Hilo hata yeye hakulikataa. Jambo likitokea ghorofa ya nne asubuhi, kufikia saa sita mchana ghorofa ya kwanza walishalijua, na kwa kawaida lilikuwa limeshaongezewa chumvi njiani.

Basi siku moja akaja ofisa wa baraza la mji, kijana mwenye kizibao cha kung'aa na karatasi mkononi. Wapangaji wakaitwa uani.

"Kuanzia mwezi ujao," ofisa alisema, "taka mtalipia kwa ujazo. Anayetupa kidogo atalipa kidogo, anayetupa nyingi atalipa zaidi. Taka zote zitatiwa kwenye mfuko huu wa bluu wenye muhuri, unauzwa madukani. Chupa, makopo, karatasi na maboksi mtatia kwenye pipa la njano, hayo ni bure. Mfuko mwingine wowote, lori halitaugusa."

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, alipiga makofi peke yake. "Hii ni haki kabisa," alisema. "Watu watajifunza kutenganisha."

"Na asiyejua kutenganisha?" Mama Ngazi aliuliza.

"Mtunza jengo atamwelekeza," ofisa akajibu, akakunja karatasi yake na kuondoka.

Ndivyo alivyotwishwa taka za nyumba kumi na mbili bila mtu kumuuliza kama ana nafasi ya kuzibeba.

Mwezi wa kwanza ulimzeesha. Maharusi wapya wa ghorofa ya nne waliapa kwamba mfuko mmoja utawatosha wiki nzima, wakaushindilia kwa miguu, ukaja kupasuka wakiwa katikati ya ngazi, na maganda yakateremka kidato kwa kidato kama yaliyotumwa. Mpangaji mmoja aligundua kwamba chupa ni bure, akawa anasokomeza makombo ya chakula ndani ya chupa za plastiki, anafunga kifuniko vizuri, na kuziweka kwenye pipa la njano kwa uso mkavu. Mwalimu yeye aliosha pakiti za maziwa na kuzianika kwenye kamba pamoja na soksi zake, halafu akawa anapita kukagua pipa na kumwita Mama Ngazi aje aone makosa ya wengine. Na mlango wake uligongwa tangu alfajiri.

"Mama Ngazi, kifuniko cha sufuria ni bluu au njano?"

"Mama Ngazi, na pamba?"

"Mama Ngazi, godoro la mtoto je?"

"Godoro lifunge kichwani utembee nalo!" alimjibu yule wa godoro, na hakujuta.

Hata hivyo mambo yalianza kukaa sawa, mpaka Jumanne moja alipokuta mifuko miwili mikubwa myeusi kando ya mapipa, isiyo na muhuri, imefungwa mafundo mawili mawili. Lori lilipofika, mkuu wa wabeba taka aliitazama akatikisa kichwa.

"Mama, hii hatuibebi."

"Baba yangu, si yangu."

"Sijasema ni yako. Nasema hatuibebi." Akabandika karatasi nyekundu ukutani. "Hili ni onyo la kwanza. Mkifika la tatu, jengo zima linapigwa faini."

Ijumaa ikaja mifuko mingine miwili. Jumanne iliyofuata, mitatu. Lori likapita, onyo la pili likabandikwa juu ya la kwanza. Inzi wakahamia. Mama Ngazi alijaribu kuvizia alfajiri akiwa na ufagio mkononi, lakini kila alipoingia ndani kumtazama mjukuu, mfuko ulikuwa umeshashuka. Alipanda nyumba hadi nyumba kuuliza, na kote aliapiwa.

Kamati ikaitisha kikao uani. Aliyefoka kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, mtu mkimya kwa kawaida, aliyekuwa akishona sare za shule nyumbani kwake. Siku hiyo alisimama mishipa imemtoka shingoni.

"Mtunza jengo kazi yake ni nini?" aliuliza. "Sisi tunalipa, yeye anapiga soga kwenye ngazi! Angekuwa anaangalia mapipa kama anavyoangalia maisha ya watu, tusingekuwa hapa!"

Watu walicheka. Mama Ngazi alihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na minne, na mtu anamvua nguo mbele ya umati kwa ajili ya taka ambazo si zake. Hakujibu, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Alirudi chumbani, akavaa glavu za kuoshea vyoo, akachukua mfuko mmojawapo, akaupeleka nyuma ya jengo na kuupasua.

Alitarajia uozo wa jikoni. Alichokikuta kilimfanya achuchumae akitazama. Ndani kulikuwa na vifurushi, kila kimoja kimeviringishwa kwenye gazeti kwa uangalifu. Akafungua kimoja. Ilikuwa nepi, lakini si ya mtoto. Ilikuwa nepi ya mtu mzima. Chini yake kulikuwa na vitambaa vya kusafishia vidonda, na mrija mtupu wa dawa ya ngozi ambao aliufahamu mara moja. Kule hospitali mashuka ya wagonjwa wasioweza kugeuka kitandani yalikuja kufuliwa yakiwa na mabaka ya dawa hiyo hiyo.

Nani mgonjwa humu ndani? Alipitisha nyumba zote kumi na mbili kichwani na hakumpata. Halafu akatazama kilichofungia vifurushi vile. Si kamba wala uzi. Ni vipande vyembamba vya kitambaa cha kijani, vya sare za shule.

Damu ikamchemka. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu bila kushika reli, na alipofika alipiga mlango kwa kiganja.

"Fundi, fungua! Najua upo, cherehani inalia."

Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguka upana wa mkono.

"Nini tena?"

Mama Ngazi alimwonyesha kile kitambaa. "Hiki ni cha nani? Nakuuliza wewe mwenye mdomo wa kikaoni. Hiki ni cha nani?"

Fundi alikitazama. Uso ulimshuka kama aliyepigwa. Alitaka kufunga mlango, lakini kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayesema huku ameshikilia maji mdomoni.

"Mwache... aingie."

Mama Ngazi aliijua sauti ile, na hapo hapo hakuijua. Alikuwa mke wa Fundi. Jengo zima lilijua kwamba mke wa Fundi amekwenda kukaa kwa dada yake miezi minane sasa. Huyu alikuwa mwanamke wa kutazamwa. Mumewe alimshonea kila alichovaa, na siku akishuka ngazi kwenda matembezini, watu walitoka milangoni wakijifanya wanakung'uta mikeka.

Sasa alikuwa amelala kitandani kando ya dirisha lililofunikwa pazia. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, mkono mmoja umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilimpata huko huko kwa dada yake, na Fundi alimrudisha usiku, wiki ile ambayo Mama Ngazi alikuwa safarini kwenye harusi ya mpwa wake. Chumba kilikuwa safi. Shuka lilikuwa limepigwa pasi na pembe zake zimekunjwa sawasawa, na Mama Ngazi, aliyekuja kupigana, alijikuta anazisifu pembe zile kimoyomoyo.

Walirudi sebuleni, Mama Ngazi akaurudisha mlango, na hasira nayo ikarudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hujafika ghorofa ya pili, watu wote wameshajua. Mke wangu ameniomba kitu kimoja tu, asionwe akiwa hivi. Kimoja tu."

Neno hilo lilimfika Mama Ngazi. Lilimchoma kwa sababu halikuwa la uongo.

"Na mifuko?"

"Mgonjwa anajaza mfuko mmoja wa bluu kwa siku. Ninyi wengine mnatumia mmoja kwa wiki. Nepi hazitenganishwi, hazigeuzwi kuwa kitu kingine. Nikinunua mifuko, dawa sinunui. Wewe ungefanyaje?"

"Nisingemsimanga mtu mbele ya watu kwa kosa langu!"

"Niliogopa."

"Ukaogopa, ukanirushia mimi."

"Ndiyo," Fundi alisema, akitazama sakafu. Ndiyo tu, bila samahani. Mama Ngazi aliteremka akiwa amekasirika mara mbili ya alivyopanda.

Lakini asubuhi yake alivaa viatu vyake vya kwendea mjini. Ofisi ya baraza la mji ilikuwa na madirisha sita, na alizungushwa kwenye manne. Kwenye la tano alimkuta karani aliyekiri kwamba ndiyo, kanuni zinasema mwenye mgonjwa apewe mifuko maalumu bure, ukurasa wa kumi na moja.

"Basi nipe."

"Fomu bado hazijachapishwa. Tena mgonjwa lazima aje mwenyewe apigwe picha."

"Mgonjwa hawezi kuinuka kitandani."

"Basi alete barua ya daktari kuthibitisha kwamba hawezi kuja."

"Ailete nani?"

"Mgonjwa mwenyewe. Ni lazima aweke sahihi hapa dirishani."

Mama Ngazi aliinama karibu na dirisha. "Mwanangu, umesikia ulichokisema?"

"Mama, usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Ikipanda utajua."

Alikwenda mara tatu ndani ya wiki mbili. Mara ya pili karani alikuwa kwenye semina. Mara ya tatu fomu zilikuwa zimechapwa lakini muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Alirudi nyumbani akiwa anaongea njia nzima, na watu waliokutana naye walimpisha.

Katikati ya hayo, onyo la tatu likabandikwa, na faini ikaja. Jumamosi alasiri kamati ikaita kikao tena. Mwalimu alisimama, miwani puani, na mbele yake alikuwa ameagiza iletwe mifuko miwili myeusi.

"Leo hatutoki hapa," alisema. "Tutaifungua mbele ya wote, tutaangalia kilichomo, na mwenye nacho atajulikana."

Mama Ngazi alimtazama Fundi, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta. Rangi ilikuwa imemtoka. Alingoja Fundi aseme kitu. Alingoja kwa kadiri alivyoweza. Mwalimu alipoinama kushika fundo la kwanza, maneno yalimtoka Mama Ngazi kabla hajayafikiria.

"Hakuna haja. Ni yangu."

Mwalimu aliachia fundo, akainuka.

"Ni nepi za mjukuu wangu. Mnataka kuzifungua ili mzione? Haya, fungueni."

Hakuna aliyetaka kufungua. Walichotaka ni kumtolea uvivu, na waliutoa. Bibi harusi wa ghorofa ya nne ndiye aliyeanza. "Wewe unayetugongea milango kwa sababu ya kizibo cha chupa! Kumbe!" Mwalimu alisema amesikitishwa sana, tena alisema hivyo mara tatu kwa maneno tofauti, halafu akapendekeza faini yote ikatwe kwenye mshahara wa mtunza jengo. Mikono ikanyooshwa. Mkono wa Fundi haukunyooka, lakini mdomo wake nao haukufunguka. Alikuwa akitazama viatu vyake kama anayevipima.

Mama Ngazi alipoingia chumbani, binti yake alimfuata. "Mama, mbona umedanganya? Nepi za mtoto tunatia kwenye mfuko wa bluu. Mimi ndiye ninayeununua."

"Nyamaza."

"Unamficha nani?"

"Nimesema nyamaza."

Binti alimsogelea, akamwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Tangu azaliwe hajapata kumwona mama yake anajua jambo na hasemi.

Kesho yake asubuhi alikuwa anapiga deki ghorofa ya tatu, akisukuma maji kwa hasira kuelekea mlango wa Fundi makusudi, mlango ulipofunguka.

"Anakuita," Fundi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mke wa Fundi alikuwa ameegemezwa mito. Alianza kusema kabla Mama Ngazi hajakaa, neno baada ya neno, kila moja likivutwa.

"Jana... dirisha lilikuwa wazi. Nimesikia... yote."

"Achana nayo, dada. Yameshapita."

"Hayajapita. Wamekukata... mshahara." Akapumzika. "Nishusheni."

"Hakuna anayekulazimisha."

"Nimechoka... na hili pazia."

Fundi alianza kusema kitu, mkewe akamtazama, akaacha. Saa nne asubuhi ile ile, Fundi na bwana harusi wa ghorofa ya nne, aliyeitwa bila kuelezwa kitu, walimshusha mwanamke yule akiwa amekalishwa kwenye kiti, huku Mama Ngazi akitangulia kinyumenyume na kuwakaripia kila kidato. "Polepole! Huo ukuta! Hamjabeba kabati!" Mgonjwa alikuwa amevalishwa gauni la rangi ya samawati lililokuwa limelegea mabegani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na watu wakashuka nyuma yao wasijue wanafuata nini.

Walimweka uani penye jua. Mke wa Fundi aliwatazama wote, bila haraka.

"Mifuko... ni yangu," alisema. "Si ya huyu mama."

Bibi harusi aliziba mdomo kwa mkono. Kisha Fundi, mwishoni kabisa, baada ya kila mtu kuwa ameshajua, akakohoa na kusema, "Mimi ndiye niliyekuwa naishusha. Na niliyoyasema siku ile kuhusu Mama Ngazi nayafuta."

"Umechelewa," Mama Ngazi alimwambia, "lakini nimesikia."

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Mama Ngazi, kwa niaba ya kamati, na kwa niaba yangu binafsi, napenda..."

"Mwalimu, radhi utaniomba baadaye, na mshahara wangu mtaurudisha leo. Wewe unajua kuandika. Kaa chini uwaandikie wale watu wa dirisha la tano, maana mimi nikirudi kule watanifunga."

Mwalimu aliandika barua ya kurasa nne, akataja ukurasa wa kumi na moja mara tisa, akaipeleka mwenyewe na kukaa kwenye benchi ya ofisi siku nzima akisoma gazeti mpaka ikapokelewa. Ofisa yule wa kizibao akaja kumpiga mgonjwa picha nyumbani kwake, jambo ambalo karani alisema haliwezekani. Mifuko maalumu ilifika baada ya wiki saba, nusu ya iliyohitajika. Faini haikufutwa. Nyumba kumi na mbili ziligawana, na kwa zile wiki saba kila aliyekuwa na nafasi kwenye mfuko wake wa bluu alipita ghorofa ya tatu Jumatatu jioni kuchukua kifurushi kimoja au viwili. Wengine walipita kwa moyo mweupe, wengine walipita kwa sababu Mama Ngazi alisimama kwenye ngazi akiwatazama.

Fundi alimshonea gauni la kazi. Lilimbana mabegani, akamwambia hivyo hivyo bila kupamba, na Fundi akalichukua kwenda kulifumua.

Siku hizi, akimaliza deki ya ghorofa ya tatu, Mama Ngazi huingia kusaidia kubadilisha shuka. Alijifunza hospitali, kwa kuwatazama wauguzi, namna ya kulitoa na kulitandika jingine bila mgonjwa kushuka kitandani. Pazia limeondolewa. Mke wa Fundi hukaa dirishani akitazama ua na mapipa, na huona kila kitu: nani katupa nini, nani kagombana na nani, nani amerudi na nani. Tatizo ni kwamba kulisimulia jambo moja humchukua nusu saa, na Mama Ngazi, ambaye maisha yake yote amewamalizia watu sentensi zao, alishakatazwa kummalizia huyu.

Kwa hiyo husimama pale na ndoo mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu.

"Yule... wa ghorofa... ya nne," mke wa Fundi huanza.

"Ehe?"

"Jana... jioni..."

"Jana jioni nini, dada? Haya sema basi, maji yanapoa!"

Naye mke wa Fundi hutabasamu kwa upande ule mmoja wa mdomo, na kupumzika makusudi.